Maswali ya Wasomaji: Mkono, Skrini na Kuzama Mchezoni

Barua tulizozipokea mwezi huu kutoka pande mbalimbali za Mombasa zimeelekea kwenye gemu za video kwa wingi kiasi kwamba nimeona ni haki kuutenga ukurasa mzima kwa ajili yake. Nimechagua nne.

Mwenye banda la gemu, Kisauni: Assalaam alaikum, mhariri. Vijana huja kwangu kucheza soka na hulipa kwa mechi. Hivi karibuni niliiondoa runinga yangu ndogo nikaweka kubwa ya inchi 55, na tangu hapo wateja wananilalamikia kwamba padi, yaani vidhibiti vya mkononi, zinachelewa. Nimebadilisha padi bila ya nafuu yoyote. Je, mashine imeharibika?

Jibu: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Yaelekea mashine yako ni nzima, na padi ulizozitoa huenda nazo ni nzima. Wa kushukiwa kwanza ni hiyo runinga mpya. Mchezaji anapobofya kitufe cha kupiga shuti, amri yake hupita vituo kadhaa kabla ya jicho kuuona mguu ukiugusa mpira: padi huipeleka kwenye mashine, mashine hukokotoa na kuchora fremu mpya, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana kuunda mwendo, kisha runinga huipokea fremu hiyo na kuionyesha. Gemu nyingi za soka huchora fremu 60 kwa sekunde, yaani kila fremu hudumu takriban milisekunde 17. Lakini runinga za siku hizi haziionyeshi fremu kama ilivyofika. Huiremba kwanza, zikiongeza ukali wa picha, zikirekebisha rangi, na zikibuni fremu za katikati ili mwendo uonekane laini. Mtu anayetazama tamthilia hadhuriki kwa urembo huo, kwa sababu sauti nayo hucheleweshwa ili ilingane na picha. Mtu aliyeshika padi hudhurika, kwa sababu kidole chake hakiwezi kucheleweshwa. Kazi hiyo yaweza kula milisekunde 100 au zaidi, ambazo ni fremu sita, na katika muda huo beki ameshaunyakua mpira ambao mshambuliaji anaamini ameshaupiga.

Fungua mipangilio ya picha, utafute hali iliyowekwa kwa ajili ya gemu, na uiwashe kwenye tundu lile lile ulilochomeka mashine, maana runinga nyingine huhifadhi mipangilio ya kila tundu peke yake. Urembo mwingi utazimwa, na ucheleweshaji waweza kushuka hadi milisekunde 20 au chini ya hapo. Ukitaka ushahidi wa macho, chukua simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde, iweke mahali ambapo kidole gumba na skrini vinaonekana pamoja, kisha uhesabu fremu zinazopita tangu kitufe kinapozama hadi mchezaji wa skrini anaposogea. Kila fremu ya simu ni milisekunde nne hivi. Fanya hivyo kabla na baada ya kubadilisha mipangilio, na uwaonyeshe wateja wako.

Kuhusu padi, kasoro yake ya kawaida si kuchelewa bali ni mchezaji kutembea peke yake ilhali hakuna aliyegusa kijiti. Vijiti vingi hutegemea vipande vinavyosuguana ndani, navyo huchakaa kwa matumizi na vumbi. Zipo padi ambazo vijiti vyake hupimwa kwa sumaku pasipo msuguano. Katika banda linalofunguliwa asubuhi hadi usiku, ningezitafuta hizo hata kama bei yake imezidi kidogo.

Mama wa watoto watatu, Mji wa Kale: Mwanangu wa kiume akishaanza kucheza, nitamwita nimwite asiitike, hata nikiwa nimesimama nyuma yake. Je, ni kiburi, au gemu zimemharibu masikio?

Jibu: Shikamoo, mama. Masikio yake hayana neno, na sioni dalili ya kiburi katika uliyoyaeleza. Mnamo mwaka 2004 watafiti Emily Brown na Paul Cairns walichapisha utafiti uliotokana na mahojiano na wachezaji, wakaeleza kwamba kuzama mchezoni kuna ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni kuingia: mchezaji akubali kutoa muda wake na azizoee amri za mkono. Ya pili ni kutekwa, pale padi inaposahaulika mkononi na hisia zikafuata yanayotokea katika gemu. Ya tatu ni kuzama kabisa, ambapo kwa kitambo mchezaji haoni kingine ila ulimwengu wa mchezo. Mwanao anapokosa kuitika, yumkini yuko katika ngazi ya pili au ya tatu, na sauti inayotoka nyuma yake haimfikii ipasavyo ingawa masikio yake yanasikia.

Badala ya kumwita kwa mbali, mguse bega na umwambie amalize mechi aliyo nayo. Mwulize pia mechi moja huchukua muda gani, mpatane kwa idadi ya mechi badala ya saa ya ukutani, kwa kuwa kumkatiza katikati ya mechi humwachia kinyongo ambacho hakikuwa na lazima. Kumwekea mipaka ni wajibu wako, na patano la namna hiyo atalishika kwa urahisi zaidi.

Mwanafunzi wa kompyuta, Tudor: Ninataka kubuni gemu. Wenzangu wanasema kwamba padi na skrini zimepitwa na wakati, kwamba mustakabali ni miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho na kumwonyesha mvaaji ulimwengu wa kompyuta, na gemu zinazoletwa kwa intaneti bila mashine nyumbani. Je, nianzie huko?

Jibu: Mwanangu, ningekusihi uanzie kwenye mkono wa mchezaji, maana ndiko gemu nyingi zenye sura nzuri zinakofia. Ahadi ya kuiondoa padi si mpya. Mwaka 2010 Microsoft ilileta Kinect, kamera iliyousoma mwili mzima ili mtu acheze bila kushika kitu. Iliuzwa kwa kasi kubwa mwanzoni, lakini mwaka 2017 utengenezaji wake ukasimamishwa. Ilihitaji nafasi kubwa sebuleni, ilichelewa kuitambua ishara, na zaidi ya yote mkono unaopunga hewani haukutani na kitu kinachouambia kwamba amri imepokelewa. Kitufe huuambia.

Miwani ina shida yake, na watu wa pwani wataielewa upesi. Abiria aliyejifungia ndani ya chombo wakati wa kusi hutapika kwa sababu sikio la ndani linahisi mawimbi ilhali macho yanaona chumba kilichotulia. Mvaaji wa miwani hupatwa na kinyume chake, macho yakiona mwendo na sikio likisisitiza kwamba amekaa kitini. Ndiyo maana wabunifu wa miwani hujitahidi picha ifuate mgeuko wa kichwa ndani ya milisekunde 20 hivi, tena kwa fremu 90 kwa sekunde au zaidi, na ndiyo maana gemu nyingi za miwani humhamisha mchezaji kwa kumrusha kutoka nukta hadi nukta badala ya kumtembeza. Hata baada ya Facebook kuinunua kampuni ya Oculus mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni mbili, miwani haijachukua nafasi ya skrini. Naamini itakua, ila pembeni ya skrini.

Kuhusu gemu za kuletwa kwa intaneti, sisi wa Mombasa tuna sababu ya kulipima jambo hili kwa hesabu. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitia nanga hapa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Mwanga ndani ya nyuzi hizo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Waya wa TEAMS kutoka hapa hadi Fujairah, katika Falme za Kiarabu, una urefu wa kilomita 5,000 hivi. Basi kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 50, kabla seva, yaani kompyuta ya mbali inayoiendesha gemu, haijachora chochote na kabla ya ucheleweshaji wa runinga niliomweleza ndugu yetu wa Kisauni. Google ilizindua Stadia, huduma yake ya gemu za kuletwa kwa intaneti, mwaka 2019 ikaifunga Januari 2023, na haikufungwa kwa sababu ya umbali tu. Lakini kwetu umbali ndio wa kwanza kutatuliwa, na dawa yake ni seva kuwekwa hapa nchini.

Kwa hiyo anza na jambo dogo. Chora mraba mmoja na sakafu, uufanye uruke kwa kitufe kimoja, na usichore kingine mpaka kuruka kwenyewe kupendeze. Waliotengeneza Super Mario 64 ya mwaka 1996 walianza na mwendo wa Mario kabla ya kumjengea ulimwengu. Itazame pia Celeste ya mwaka 2018: mchezaji akichelewa kidogo na mguu ukawa umeshaacha ukingo, gemu bado humkubalia kuruka, na akibofya mapema kidogo kabla ya kutua, amri yake huhifadhiwa hadi anapogusa chini. Hakuna mchezaji anayeliona hilo, ila kila mmoja huhisi kwamba mkono wake umetendewa haki. Mpe simu au padi mtu asiyejua lolote kuhusu kazi yako, unyamaze, utazame vidole vyake badala ya skrini. Palipo na kosa, kidole kitabofya mara mbili.

Msomaji wa Likoni: Binamu yangu alipoteza matumizi ya mkono wa kushoto. Je, anaweza kucheza tena?

Jibu: Anaweza. Padi ya Xbox Adaptive Controller ya mwaka 2018 ina vitufe viwili vikubwa na matundu ya kuchomekea swichi za mguu, goti au kiwiko, na Sony nayo ilitoa padi ya namna hiyo iitwayo Access mwaka 2023 kwa ajili ya PlayStation 5. Vifaa hivyo ni ghali, kwa hiyo aanze na kisicho na gharama: PlayStation 4 na 5 humruhusu mtu kubadilisha kazi za vitufe katika mipangilio ya ufikivu (Accessibility), hivyo amri za upande wa kushoto zaweza kuhamishiwa kulia. Ajaribu kwanza gemu zisizohitaji vijiti viwili kwa pamoja, kama za mapigano au za mafumbo, kabla ya kurudi kwenye soka.