Kuropoka sio tusi

Mkuu, umeuliza kama "acha kuropoka" uliyoambiwa na bosi kwenye kikao ni tusi. Hapana bana, ni neno kali ila sio tusi, kuropoka ni kusema kitu kabla hujakipima, kinakutoka tu, yani mgeni anaambiwa mama hayupo we unadakia "si yuko chumbani amelala!" hapo usharopoka, na ulichosema ni kweli tupu. Kubwabwaja ni kingine, hayo ni maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu. Sasa ukiitwa mropokaji ndo ukasirike, maana hapo wanasema ni tabia yako. Na we usimwambie mkubwa wako ameropoka, sema tu ulimi umeteleza.