Nyigu juu ya mlango wa jiko: ngazi weka pembeni, petroli rudisha kwenye bodaboda

Mtoa mada, nimesoma swali lako na majibu ya wakuu wote. Kwa anayeingia sasa: ndugu yetu amepanga nyumba Kibaha, nyigu wamejenga chini ya upenu juu ya mlango wa jiko, ana watoto wadogo, na mwenye nyumba kamshauri achovye tambara kwenye petroli, alifunge kwenye mti, apande ngazi awachome. Anauliza kama ni salama.

Si salama hata kidogo. Mimi ni fundi wa kupaua, kazi yangu ni kenchi na dari, Pwani na Morogoro, na nyigu ndio wenyeji wanaonipokea juu karibu kila nyumba ya zamani. Niliowaona wakiumia vibaya kwa ajili ya nyigu, wengi waliumizwa na ngazi na moto, mwiba ulikuwa cha mtoto. Saiti moja kijana wa jirani alipanda mchana wa saa saba na tambara linawaka. Nyigu wawili tu wakamshukia shingoni, akaachia ngazi ili awapige. Kiganja kilivunjika, tambara likaangukia kuni zilizopangwa ukutani, tukaacha kupaua tukaanza kubeba ndoo za maji. Mvuke wa petroli unashika moto hata kabla mwali haujagusa petroli yenyewe, na huko juu kuna mbao kavu, utando wa buibui, pengine na waya wa taa uliopitishwa ovyo. Isitoshe nyumba si yako. Ikiungua, mwenye nyumba hatakumbuka kwamba wazo lilikuwa lake.

Kabla hujawagusa, wajue kwanza. Jua likishapanda, weka kiti mbali kidogo uwatazame. Ukiona kijumba kiko wazi, vyumba vyake vinatazama chini, kimening'inia kwa kikonyo kimoja chembamba, na wadudu wana kiuno kirefu na miguu inayoning'inia wakiruka, hao ndio nyigu wenyewe, wengine tunawaita dondola. Kile kijumba ni karatasi kabisa. Wanakwangua mbao isiyo na rangi, wanaitafuna kwa mate, wanabandika. Tazama fremu ya mlango wa zamani iliyopigwa na jua: utakuta vistari vyeupe vifupi, urefu wa punje ya mchele, vimelala sambamba. Hapo ndipo wanapochota, na ukitulia unasikia hata mkwaruzo wa meno. Ndiyo maana nikimaliza kupaua huwa namsisitiza mwenye nyumba apake rangi mbao zote za nje, hata zile zisizoonekana kutoka chini.

Ukiona udongo umebandikwa ukutani, mgumu, hauna wadudu wanaojaa juu yake, huyo ni nyigu wa udongo na hana kundi. Ni jike mmoja anayejenga peke yake. Anakamata buibui, anawadunga wanapooza, anawapanga ndani, anataga yai, anaziba, anaenda zake. Halindi kijumba, kwa hiyo hakukimbizi. Subiri aondoke, kwangua. Ubaya wake ni kupenda matundu: tundu la kufuli, ekzosi ya jenereta iliyokaa muda bila kuwashwa, bomba lolote lililo wazi. Ile Boeing 757 ya Birgenair iliyoanguka Februari 1996 baada ya kuruka Jamhuri ya Dominika, wakafa wote 189, wachunguzi walishuku kwamba nyigu wa aina hii alikuwa ameziba kibomba cha kupimia mwendo wa ndege. Ndege hiyo ilikuwa imekaa chini siku kadhaa vibomba havijafunikwa. Basi jenereta lako lifunike ekzosi.

Kuna mkuu hapo juu kasema nyigu yeyote auawe popote alipo. Hapo tunatofautiana. Hawa dondola wanalisha watoto wao viwavi, na mwenye bustani ya mchicha au kabichi anajua viwavi ni hasara gani. Wakijenga kwenye mti kule mwisho wa uwanja, mahali ambapo hakuna anayepita wala watoto hawarushi mawe, mimi nawaacha. Ila mlango wa jiko ni habari nyingine. Unabamizwa kutwa nzima, mtikisiko unawachokoza, na mtoto mdogo kimo chake hakimsaidii kuona kilicho juu. Hao waondoe.

Muda wa kazi ni giza likiingia, au alfajiri kabla jua halijatoka. Wakati huo karibu wote wako nyumbani, ubaridi umewalegeza, hawaruki vizuri. Watoto wapeleke kwa jirani mapema, mbwa afungwe mbali, mlango na madirisha ya upande huo yafungwe. Ondoa ndoo, viti na kamba ya kuanikia kwenye njia utakayokimbilia. Hili watu hulipuuza, halafu mtu anajikwaa kwenye beseni gizani. Vaa suruali nzito uichomeke ndani ya soksi, buti la mpira, shati la mikono mirefu na koti la mvua juu yake, glavu. Kichwani vaa pama, juu yake shusha kipande cha chandarua, ukichomeke kwenye kola. Lazima kofia iwe pana ili chandarua kikae mbali na uso, maana kikigusa ngozi wanadungia hapo hapo. Tochi usishike mkononi, wataifuata. Iweke juu ya stuli pembeni, uifunge kwa kitambaa au karatasi nyekundu. Nyigu mwanga mwekundu hawauoni vizuri, wewe unaona vya kutosha.

Silaha yangu ni maji ya sabuni. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita, ndani ya bomba la mgongoni lile la kupulizia mazao. Azima lililooshwa vizuri, usije ukajimwagia mabaki ya dawa ya magugu. Nyigu anapumua kwa vitundu vilivyo ubavuni. Maji matupu yanateleza juu yake, lakini yenye sabuni yanapenya kwenye vile vitundu, anazama akiwa hewani. Simama chini, kidogo pembeni, kamwe usisimame chini ya kijumba chenyewe. Fungua nozeli itoe mstari mmoja wenye nguvu, usitoe ukungu. Lowesha kijumba chote bila kusita mpaka uone hakuna anayeng'ang'ania. Hata wakianza kudondoka usipunguze. Ukimaliza rudi nyuma, ondoka, lala.

Wanaopenda dawa ya kopo, ile ya mbu na mende, nayo inafanya kazi. Nyingi zina viuadudu vya jamii ya ile sumu ya pareto inayolimwa kwetu Nyanda za Juu Kusini. Ila kwako wewe mlango ni wa jiko: zima gesi kwenye mtungi, hakikisha hakuna mkaa unaowaka, kwa sababu ile dawa inashika moto. Funika vyombo na maji ya kunywa. Usipulizie juu ya bwawa la samaki, watakufa, na paka naye mwondoe, dawa hizi zinamdhuru kuliko mbwa. Kama kijumba kingekuwa nyuma ya boksi la mita ya Luku ningekwambia usimwage maji kabisa, ita mtu wa umeme kwanza.

Asubuhi angusha kijumba kwa mti mrefu, kiponde, kifukie. Kile kikonyo kilichobaki kwenye mbao kikwangue kabisa, osha kwa sabuni, paka rangi. Siku chache utaona nyigu mmoja mmoja waliolala nje wanarudi kuzungukazunguka pale pale. Hawana cha kulinda, wavumilie. Baada ya hapo jizoeze kutazama juu unapofagia. Huku kwetu hakuna baridi ya kuwaua, wanaanza kujenga mwezi wowote, na kila kijumba kikubwa kilianza na jike mmoja au wachache na vyumba vya kuhesabika. Kikiwa bado hivyo, ufagio wa mti mrefu saa ambayo wako mawindoni unatosha, mambo ya chandarua na buti huyahitaji.

Ukidungwa. Nyigu haachi mwiba kama nyuki, kwa hiyo mmoja anaweza kukudunga tena na tena. Usimponde karibu na kijumba, harufu inayotoka inaita wenzake. Ondoka kwanza. Vua pete kabla kidole hakijavimba, osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Paracetamol kwa maumivu, cetirizine kwa muwasho. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi tu, na kufunga kamba mkono ni kujiongezea balaa. Uvimbe kuongezeka mpaka kesho yake ni kawaida. Kisicho kawaida ni midomo, ulimi au uso kuvimba wakati umedungwa mguuni, mapele kutapakaa mwilini, sauti kukwaruza, kifua kubana, kizunguzungu, kutapika. Hapo usisubiri kidonge kifanye kazi, ni hospitali dakika hiyo hiyo. Dawa yake ni sindano ya adrenalini. Njiani mlaze miguu juu, asitembezwe. Kama anashindwa kupumua, akae. Akipata nafuu msikimbilie kumrudisha nyumbani, hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Mtoto aliyedungwa mara nyingi apelekwe hata kama anacheza vizuri, na mkojo ukigeuka rangi ya chai mwambie daktari. Aliyedungwa mdomoni au kooni, kwa mfano nyigu alikuwa ndani ya chupa ya soda, naye asisubiri.

Mwisho, picha uliyoweka haionyeshi vizuri ile kona ya kulia ambapo ubao umeachana na ukuta. Kesho mchana tazama hapo ukiwa mbali. Ukiona wadudu wanaingia na kutoka kwa wingi kwenye ule ufa, mlio wa kuvuma unatoka ndani ya dari, basi mbali na hawa dondola una nyuki, na yote niliyoandika kuhusu bomba na sabuni yaache. Nyuki wa kwetu wakichokozwa wanatoka kundi zima na wanakufuata mbali. Usizibe ufa, wataingia ndani ya nyumba. Muulize afisa nyuki wa halmashauri akuelekeze kwa mrina asali, wengine wanawahamisha wakiwa hai. Wakishaanza kushambulia watu, funika uso, kimbia moja kwa moja mpaka ndani ya jengo au gari, funga, piga 114 Zimamoto. Ukipata picha ya hiyo kona iweke hapa tuitazame.