Pasaka ya siku nne, pesa ya kubana

SWALI: Shikamoo shangazi. Natoka Morogoro, nasoma uhandisi Aachen, Ujerumani. Wenzangu wanataka Pasaka hii tuzunguke Paris, Prague na Vienna kwa mkupuo. Mfuko wangu hauruhusu, lakini kubaki bwenini peke yangu sitaki. Nifanyeje?
Msomaji, Aachen

JIBU: Marahaba mwanangu. Waache waende. Miji mitatu kwa siku nne ni kuona vituo vya mabasi tu. Wewe unaishi mpakani kabisa!

Ijumaa Kuu Ujerumani maduka hufungwa, kwa hiyo nunua chakula Alhamisi, kisha Ijumaa yenyewe panda basi la Maastricht, Uholanzi, ambako siku hiyo maduka mengi huwa wazi. Ingia lile duka la vitabu lililo ndani ya kanisa la kale la Wadominika: rafu nyeusi za chuma zimepanda ghorofa hadi karibu na michoro ya darini. Mimi nilikaa humo mchana kutwa na sikulipa kiingilio.

Kesho yake chukua treni hadi Liège, Ubelgiji. Panda ngazi 374 za Montagne de Bueren, pumzika juu ukiutazama mto Meuse, halafu ushuke ule mkate wa waffle wa moto, wenye chembe za sukari zilizoyeyuka.

Pasipoti na kadi ya ukaazi vitembee pamoja nawe. Kadi peke yake haitoshi, na polisi hukagua hata ndani ya treni.