Kabla hujapiga Windows upya: profaili ya Chrome na pochi ya MetaMask

SWALI: Fundi, habari za kazi? Niko Chumbageni, Tanga. Laptopu yangu ya Windows 10 imekuwa nzito, na fundi mmoja wa Ngamiani anataka kuniwekea SSD (diski mpya ya kasi) na kunipigia Windows 11. Desktop na Documents nimeshazihamishia kwenye flashi. Ila kazi zangu za kutafsiri nalipwa kwa USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola), na zipo kwenye MetaMask, pochi ya sarafu hizo iliyo ndani ya Chrome. Paswadi naikumbuka, lakini karatasi ya maneno 12 ya siri ya kurudishia pochi siioni. Nikiingia Google yangu kwenye Windows mpya, si kila kitu kitarudi?

JIBU: Nzuri, dada yangu. Tafadhali usiipeleke bado. Kwenye hiyo flashi hakuna chochote cha MetaMask, na Google haitakurudishia. Ikiwa usawazishaji (sync) wa Chrome uliuwasha, utapata alamisho, paswadi za tovuti na historia. Hata ile alama ya mbweha ya MetaMask itarudi pale juu, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea: kiendelezi, yaani ile programu ndogo ndani ya Chrome, kinarudi kitupu. Kinakuuliza ufungue pochi mpya au uingize ya zamani. Ukifungua mpya unapewa maneno mengine na anwani nyingine isiyo na kitu.

USDT zenyewe hazimo kwenye laptopu, zimeandikwa kwenye blokucheni, yaani daftari la pamoja la mtandaoni. Kilichomo kwenye laptopu ni ufunguo wa kuzihamisha, umefungwa kwa paswadi yako. Kwa kuwa karatasi imepotea, hiyo mashine ndiyo nakala pekee uliyo nayo. MetaMask hawahifadhi nakala ya maneno yako, hivyo hakuna wa kumpigia simu.

Basi anza leo na maneno. Fungua MetaMask, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, kisha chagua kuonyesha maneno ya siri. Itaomba paswadi. Andika kwa mkono, kwa mpangilio uleule, neno la 1 hadi la 12. Maneno hayo hutoka kwenye orodha maalumu ya maneno 2,048 ya Kiingereza, na herufi nne za mwanzo zinatosha kutofautisha neno moja na jingine, kwa hiyo hizo nne ziandike zisomeke vizuri. Usipige picha wala usijitumie WhatsApp. Picha za simu nyingi hupanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Karatasi ifunge kwenye plastiki, maana unyevu wa pwani hii yetu unaharibu wino.

Halafu hakikisha umeandika sawasawa. Weka programu ya MetaMask kwenye simu yako mwenyewe, ingiza maneno, linganisha anwani na ile ya laptopu. Inaanza na 0x na ina herufi na tarakimu 42 kwa jumla. Zikifanana, umeokoka. Salio likionekana sifuri na anwani ni ileile, usishtuke: mara nyingi ni mtandao wa blokucheni unaotumia, au sarafu ya USDT, haujaongezwa au kuchaguliwa kwenye pochi. Jambo moja hulisahau wengi: akaunti uliyoiingiza kwa ufunguo wake binafsi (private key, msimbo wa siri wa akaunti hiyo moja) hairudi kwa yale maneno 12. Kama unayo, ufunguo wake uandike peke yake.

Baada ya hapo, nakili profaili yenyewe, yaani folda ya data zako za Chrome, kama akiba. Funga Chrome kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %LOCALAPPDATA%\Google\Chrome, kisha nakili folda nzima ya User Data. Folda ya AppData imefichwa, ndiyo maana fundi anayehamisha vitu vinavyoonekana tu huiacha. Ndani ya Default, au Profile 1 kama una profaili zaidi ya moja, fungua Local Extension Settings utafute folda iitwayo nkbihfbeogaeaoehlefnkodbefgpgknn. Jina baya, lakini hiyo ndiyo MetaMask. Hakikisha ina mafaili ndani. Anayeipata folda hiyo hubakiza kubahatisha paswadi yako tu, kwa hiyo flashi hiyo usiiazimishe.

Usitegemee kuibandika tu User Data kwenye Windows mpya ukadhani yameisha. Paswadi za tovuti ambazo Chrome imehifadhi zimefungwa kwa akaunti yako ya Windows ya zamani, hazifunguki kwingine. Kama hukuwa na usawazishaji, zitoe kwanza kupitia kidhibiti cha paswadi cha Chrome. Utapata faili la CSV, yaani jedwali la maandishi ya kawaida, lisilo na kufuli lolote. Ukishaliingiza kwenye mashine mpya, lifute kila mahali. Wa Firefox wana nafuu hapa, folda yao ya profaili inahama na paswadi zake.

Kuhusu Windows 11, fundi wako yuko sahihi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ila kwa kuwa anakuwekea SSD mpya, hana sababu ya kuifuta diski ya zamani. Mwambie aitoe ilivyo akukabidhi mkononi, na uitunze mpaka pochi ifunguke kwenye Windows mpya. Maneno 12 yaingize mwenyewe ukiwa nyumbani, si kwenye meza yake, hata kama ni mtu unayemwamini.