Jezi kavu, jezi mbichi: kwa mdogo wangu anayekwenda kucheza kikapu chuoni Marekani

Mdogo wangu,

Kabla sijasema lolote ujue unayeongea naye, usije ukadhani ni mtu aliyewahi kudanki, yaani kuruka na kuusokomeza mpira kikapuni kwa mkono. Kuanzia 2019 hadi 2023 nilikuwa meneja wa timu ya kikapu ya wanaume katika chuo kimoja cha katikati ya Marekani, huko kwenye mahindi na upepo. Neno meneja lisikudanganye. Meneja wa timu ya chuo ni mwanafunzi anayefuta jasho sakafuni, anayejaza chupa za maji, anayerekodi mazoezi kwa kamera, anayeokota mipira mia tatu huku mwenzake anajifunza kutupa. Mechi ikiisha, yeye ndiye anayebeba gunia la jezi kwenda kufua.

Gunia lile lilinifundisha mengi. Jezi ya aliyecheza dakika 35 ni nzito kama taulo lililotolewa kwenye ndoo. Ya aliyekaa benchi inarudi kavu, bado inanukia sabuni ya juzi. Usiku wa manane, mbele ya mashine ya kufulia, nilikuwa najua msimu wa kila kijana unavyokwenda kuliko wazazi wake. Na nilichokiona miaka yote minne ni kimoja: jezi zinazoanza mbichi Novemba si lazima ziwe zilezile zilizo mbichi Februari. Wageni wengi wanajiandaa kwa Novemba.

Novemba ni rahisi. Mechi za kwanza vyuo vikubwa huwaalika vyuo vidogo, kila mtu ana nguvu, mama nyumbani anatumiwa picha. Halafu Januari mnaingia kwenye ligi ya ukanda wenu, yaani kundi la vyuo mnalocheza nalo kila mwaka. Hapo unakutana na watu wale wale mara mbili, na mara ya pili wanakuja wamekutazama kwenye video hadi wanajua mguu unaoutanguliza. Nje theluji, ndani mitihani, basi linarudi saa tisa usiku. Mpaka kufika mtoano mwezi wa tatu mmeshacheza mechi zaidi ya 30. Timu yetu ya mtaa, pale tulipokuwa tukichezea, haikuwahi kufikisha hizo kwa mwaka mzima.

Ukitaka kuelewa ninachosema, katafute msimu wa 2008–09 wa Chuo Kikuu cha Connecticut, alikocheza Hasheem Thabeet. Najua jina lake unalijua. Hakuna kijana mrefu Dar ambaye hajawahi kuitwa hivyo barabarani. Lakini wengi tunajua mwanzo na mwisho wa habari: mtoto wa Dar es Salaam aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15, halafu akachaguliwa wa pili NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Katikati tunaparuka. Mimi nilikuwa darasa la tatu wakati ule. Mechi zile nilizitazama miaka kumi baadaye kwenye kompyuta ya timu, nikisubiri mashine imalize kukausha.

Msimu wake wa kwanza pale Storrs, mji wa chuo hicho, timu ilimaliza na ushindi 17 na vipigo 14, na mtoano wa taifa hawakuitwa. Wa pili wakafika, wakatolewa raundi ya kwanza kabisa na San Diego, 70–69 katika muda wa nyongeza. Wa tatu ndio ule: ushindi 31, vipigo 5. Januari 31, 2009, dhidi ya Providence, Thabeet alipata pointi 15, ribaundi 11 (mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa) na bloku 10 (mitupo ya wapinzani aliyoizuia hewani). Soma tena: bloku kumi. Mtu wa mita 2.21 anasimama chini ya kikapu na wapinzani wanaanza kutupa kwa woga hata pale ambapo hayupo.

Wiki mbili baadaye, Februari 16, wakiwa namba moja nchini, chuo cha Pittsburgh wakaja kucheza nao mjini Hartford. Pittsburgh walikuwa na DeJuan Blair, mfupi kwa Thabeet kwa karibu sentimita 20, lakini mzito, makalio mapana, magoti yamekunjwa muda wote kama mtu anayetaka kuinua gunia la mchele. Kuna tukio moja wanagombea mpira, Blair akaufunga mkono wa Thabeet kwapani mwake, akauvuta, na yule mrefu akapita juu ya bega lake akaanguka chini. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alikuwa na pointi 5 na ribaundi 4. Connecticut wakafungwa 76–68.

Kocha wetu alipenda kusimamisha video hapo hapo. Hakuwa anamcheka mtu. Alikuwa anamwonyesha senta wetu, yule mrefu wa chini ya kikapu, magoti ya Blair. Urefu, alisema, umeshakununulia tiketi ya ndege. Sasa tuongelee nyonga. Nami nakuambia hivyo hivyo. Kule nyumbani ukiwa na mita mbili unaokota ribaundi kwa kunyoosha mkono tu. Chuoni kila mtu chini ya kikapu alishaambiwa mrefu tangu ana miaka kumi na mbili, na wamekuwa wakinyanyua vyuma tangu sekondari. Miezi yako ya kwanza ifanye ya miguu, mgongo na tumbo. Mchezaji anayesimama wima Februari anasukumwa nje ya nafasi yake, na anayesukumwa nje anaanza kushika watu kwa mikono. Faulo zinaanzia hapo.

Kwenye faulo nikae kidogo, maana hapa nimeona vijana wetu wengi wakiumbuka. Wewe umezoea robo nne za dakika kumi, na faulo za timu zinaanza upya kila robo. Vyuo vya wanaume Marekani wanacheza nusu mbili za dakika 20, na faulo za timu zinarundikana nusu nzima. Ya saba ikifika, mpinzani anakwenda kwenye mtupo huru: akiingiza wa kwanza anapewa wa pili. Ya kumi ikifika, anapewa miwili moja kwa moja. Kwa hiyo ile faulo ya uvivu dakika ya nne, mbali na kikapu, ambayo kwenu ingefutika baada ya dakika chache, hapa mnailipia dakika ya 18. Na wewe mwenyewe ukifikisha tano, unatoka. Muda wa kushambulia nao ni sekunde 30, si 24. Sekunde sita zaidi za kujilinda zinaonekana ndogo ukizisoma. Zicheze mara sitini usiku mmoja, ukishuka na kupanda, ndipo utajua kwa nini jezi ina uzito ule.

Jambo lingine: ongea. Sisi tumelelewa kuwa mtoto mwenye adabu ni mkimya, na mkubwa akisema unatazama chini. Kocha wa Kimarekani ukitazama chini anadhani humsikilizi, au umenuna. Mtazame usoni. Ukiwa hujaelewa, sema hujaelewa. Ile "ndiyo, ndiyo" yetu ya heshima imewaponza wengi, maana dakika mbili baadaye anakuona unakimbilia upande usio na anahitimisha kwamba huna akili ya mchezo. Uwanjani ndio kabisa. Mlinzi wa nyuma anaona kila kitu kinachokuja, na mwenzake wa mbele mgongo hauna macho. Asipoambiwa skrini, yaani mpinzani aliyesimama kumzibia njia, inatoka wapi, anajibamiza kwa mtu wa kilo mia.

Tulikuwa na senta mmoja kutoka Goma. Mwaka wa kwanza alikuwa bubu. Kiingereza chake kilikuwa kizuri tu, ila kilikuwa kinachelewa kutoka akichoka. Siku moja mazoezini, hoi, akapiga kelele "Kuume! Kuume!" Ukumbi mzima uliganda, mimi peke yangu nilicheka, maana hata kwangu ilinichukua nukta kukumbuka kwamba Kiswahili cha kwao ndivyo kinavyosema kulia. Kocha aliponiuliza maana yake, nikamwambia. Wiki iliyofuata safu yote ya ulinzi ilikuwa inapiga kelele "kushoto" na "kuume," vijana wa Iowa na Illinois, na wapinzani hawaelewi kitu. Siwezi kusema ndicho kilichotupa ushindi. Ila jezi ya yule bwana ilianza kurudi mbichi.

Masomo sitayaongelea sana, utaambiwa na kila mtu. Jua tu hesabu ilivyo. Sheria inasema saa 20 kwa wiki za shughuli za timu wakati wa msimu, na siku moja ya mapumziko. Lakini siku ya mechi inahesabiwa saa tatu tu, hata kama mmeondoka alfajiri na kurudi usiku wa manane, na safari haihesabiwi. Wewe huku kwenye viza ya mwanafunzi lazima ubaki na mzigo kamili wa masomo. Wiki ya kwanza ya muhula mpelekee kila mwalimu ratiba ya safari mkononi mwake, mwenyewe, kabla hujakosa kipindi hata kimoja. Nimewaona waliotegemea barua ya ofisi ya michezo. Barua hufika, sura yako haifiki nayo.

Pesa. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na utawaona wenzako na magari. Wewe viza yako ina masharti ya kazi ambayo wao hawana. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, aliyekuwa mchezaji bora wa taifa mwaka 2022 akiwa Kentucky, alifanya kazi zake za matangazo timu ilipokwenda Bahamas Agosti ya mwaka ule, nje ya ardhi ya Marekani, kwa sababu hiyo hiyo. Mtu mkubwa kiasi kile alipanda ndege kwanza. Basi wewe usisaini karatasi yoyote ya rafiki wa rafiki kabla hujapita ofisi ya wanafunzi wa kigeni ukauliza. Sheria hizi zimekuwa zikibadilika karibu kila mwaka, na atakayerudishwa nyumbani si yule rafiki.

Nirudi Connecticut, maana sijamaliza Februari yao. Siku tano kabla ya Pittsburgh, Jerome Dyson, mmoja wa wafungaji wao, aliumia goti na msimu wake ukaisha. Dakika zake zilihitaji watu. Mmoja wa waliozibeba alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, mdogo wa umbo, Kemba Walker. Machi 12, kwenye robo fainali ya Big East, ukanda wao, pale Madison Square Garden, New York, wakacheza na Syracuse muda wa nyongeza mara sita. Sita. Wachezaji wanatolewa kwa faulo mmoja baada ya mwingine, makocha wanaangalia benchi wamebakiwa na nani. Iliisha 127–117 kwa Syracuse, saa saba na dakika ishirini na kitu usiku. Dar wakati huo watu wameshapanda daladala za asubuhi. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67. Kila nikiitazama namfikiria meneja wao na lile gunia.

Wiki mbili baada ya usiku ule, Connecticut waliwafunga Missouri 82–75 wakaingia nne bora, na aliyefunga pointi 23 ni yule yule Walker wa mwaka wa kwanza. Nani alimtazama Novemba kama mtu wa mechi hiyo? Wakafika Detroit, uwanja wa watu zaidi ya 72,000, na Michigan State wakawatoa 82–73.

Ndivyo unavyoisha. Zaidi ya timu 350 zinaanza, 68 wakati wangu zilikuwa zinaitwa kwenye mtoano wa taifa, na mwisho wake ni timu moja tu isiyolia. Msimu wangu wa kwanza hata kulia hatukupata: Machi 12, 2020 mtoano ulifutwa kwa ajili ya korona, na nikafua jezi zilizokuwa safi kwa kukosa cha kufanya.

Wa mwisho nao niusimulie. Tulifungwa kwenye mtoano wa ukanda wetu, kwa pointi nne, na ndani ya dakika kumi vijana walioishi pamoja tangu Juni hawakuwa timu tena. Watatu walishaamua kuhama chuo, ingawa hakuna aliyesema. Nilikusanya jezi 14. Moja ilikuwa kavu kabisa, ya kijana wa mwaka wa kwanza kutoka kwetu, Afrika Mashariki, aliyekuwa akianza mechi mwezi wa kumi na moja. Jumatatu akaja chumba cha video akaniomba mazoezi ya Februari, yote. Nikampa, yalikuwa kama saa ishirini na mbili. Akarudisha diski baada ya wiki mbili, amefuta vumbi la kasha lake. Sikumuuliza kama aliyatazama.