Karani wa rekodi akistaafu, ujuzi wake ubaki wapi?

Dada, umeuliza mfanyeje: kituo chenu cha afya hapa Nairobi kinahamia kompyuta, na karani wa rekodi anayejua kila faili anastaafu mwezi ujao. Msianze na kompyuta, anzeni na huyo mzee. Kaa naye wiki mbili uandike anavyofanya kazi: mgonjwa akipoteza kadi anaipataje faili yake, majina yakifanana anayatofautishaje, ripoti ya mwezi inatoka rejista gani kabla ya kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya ambao Kenya inautumia nchi nzima tangu 2011. Hayo hakuna programu itakayowaambia.

Nimeona zahanati ikinunua mashine nzuri, kisha wauguzi wakawa wanaandika kila kitu mara mbili, hadi wakachoka na kurudia daftari. Inauma, maana anayeumia ni mgonjwa aliyepanga foleni tangu alfajiri. Kwa hiyo wekeni tarehe ya kuacha daftari, idara moja moja. Mimi ningeanza na kliniki ya wajawazito.

Kila mtu awe na nywila yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti.

Stima ikipotea, fomu za karatasi ziwe tayari, na ijulikane nani ataziingiza ikirudi.