Fuata mistari yote miwili

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa vihisi vya kwanta, yaani vipimio vidogo mno vya vitu kama sumaku na joto, mmekuwa mkiniuliza muanzie wapi. Mimi nasema anzeni na boroni naitraidi. Ni kristali ya tabaka tabaka, unaibandua kwa selotepu. Ukiing'oa atomu moja ya boroni, pengo linalobaki, likiwa na chaji hasi, ndilo kihisi chenyewe. Ulimulike kwa leza ya kijani, litang'aa; ulipelekee mawimbi ya mikrowevu ya gigahezi 3.48 hivi, mng'ao utafifia kwenye masafa mawili yaliyo jirani, ambayo tunayaita mistari: wa chini na wa juu. Watafiti wa Würzburg, Ujerumani, na wenzao wa Sydney walilionyesha hilo mwaka 2020, tena kwenye joto la kawaida la chumba. Na kwa kuwa tabaka moja na jingine zimeachana nanomita 0.33 tu, kihisi kinaweza kukaa karibu kabisa na kitu unachokipima.

Mng'ao wake ni hafifu mno, kwa hiyo usikimbilie tabaka moja. Chukua kipande chenye unene wa makumi ya nanomita kwanza, upate ishara ya kutosha. Mapengo tunayatoboa kwa ioni za heli, yaani atomu za heli zenye chaji. Jaribu dozi kadhaa kwenye vipande tofauti, kwa sababu ukizidisha unaiharibu kristali yenyewe.

Mimi wiki tatu ziliniponyoka hivi. Nilikuwa naufuata mstari mmoja tu, ule wa chini. Masafa yake yakishuka, naandika kwenye daftari kwamba chanzo ni sumaku. Jioni moja nikaongeza nguvu ya mikrowevu bila kugusa sumaku, mstari ukashuka vilevile. Kumbe waya mwembamba wa shaba unaopeleka mikrowevu ulikuwa unakipasha moto kipande changu! Niliumia sana, maana kurasa zote zile zilibidi zirudiwe.

Kwa hiyo pimeni mistari yote miwili, kila mara. Sumaku iliyosimama wima juu ya tabaka huiachanisha: mmoja hupanda, mwingine hushuka, na ukishapita militesla chache (kipimo cha nguvu ya sumaku) umbali kati yao huongezeka kwa megahezi 56 hivi kwa kila militesla 1. Joto likipanda, yote miwili hushuka pamoja. Msishtuke mkiikuta imeachana kidogo hata kabla ya kuleta sumaku; ndivyo pengo hili lilivyo.

Siku hizi kabla sijaandika namba yoyote, napunguza mikrowevu hadi nusu, nasubiri kidogo, napima upya. Mistari ikipanda yote miwili, najua ni waya.